Otomatiki au manuali? Pikapu ya dizeli iliyotumika ina siri yake kwenye giaboksi

Matangazo mawili yako mbele yako. Pikapu za dizeli, 4x4, mwaka mmoja, injini moja, kilomita zinakaribiana. Moja ni otomatiki, nyingine manuali. Ukiomba ushauri, mtu wa kwanza atakwambia otomatiki uikae mbali, ikifa imekufa. Wa pili atakwambia manuali ni kuutesa mguu wa kushoto bure, na siku ya kuuza utahangaika. Kila mmoja anasema kutokana na gari lililowahi kumuumiza, kwa hiyo hakuna anayekudanganya, na bado hujasaidika.

Shida iko kwenye swali lenyewe. Anayenunua gari jipya analinganisha aina mbili za giaboksi. Wewe unayenunua lililotumika unalinganisha giaboksi mbili zenye historia, kila moja na mguu uliokuwa unaikanyaga. Injini husamehe dereva mbaya kwa muda mrefu, giaboksi haisamehi. Ili ujue ipi kati ya hizo mbili imebakiwa na maisha, inabidi kwanza uelewe kila moja hufa kwa njia gani.

Kinachosimama katikati ndicho kinachoumia

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Huchoma mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa hadi uwiano wa 16 kwa 1 hivi, nyingine zaidi. Kila mchomo ni pigo zito. Ukiongeza turbo, torki, yaani nguvu ya kuzungusha, karibu yote inapatikana chini kabisa, kwenye mizunguko 1,600 hadi 2,500 kwa dakika. Petroli isiyo na turbo hutoa nguvu zake nyingi juu, wakati gari limekwisha kushika mwendo. Dizeli hutoa zake mzigo ukiwa bado haujaanza kutembea. Injini inasukuma, mzigo unagoma, na kilichopo kati yao ndicho kinachokula kipigo.

Kwenye manuali kilichopo kati ni klachi: sahani ya msuguano iliyobanwa baina ya flaiwili, gurudumu zito la injini, na presha pleti, bamba linaloikandamiza. Kila ukiondoka inateleza kidogo hadi ishike, na kila ikiteleza inalika kidogo.

Kwenye otomatiki kazi hiyo inafanywa na oili. Kati ya injini na gia kuna konveta, chombo kilichojaa oili, na ndani yake mapangaboi mawili yanayotazamana. La kwanza linazungushwa na injini na kuirusha oili. La pili linasukumwa na oili hiyo na kuzungusha gia. Katikati yao kuna gurudumu la tatu linaloigeuza oili inayorudi, na kwa ujanja huo torki inayofika kwenye gia wakati wa kuondoka inaweza kukaribia mara 2 ya ile inayotoka kwenye injini. Ndiyo maana otomatiki yenye mzigo huondoka mlimani bila kutetemeka, pale ambapo manuali inanuka klachi.

Utamu huo unalipiwa kwa joto. Mapangaboi yanapozunguka kwa mwendo tofauti, tofauti yote inaishia ndani ya oili. Kwa hiyo watengenezaji waliweka ndani ya konveta klachi ndogo ya kuyafunga mapangaboi pamoja gari likishatulia kwenye mwendo, wengi huiita lokapu. Isitoshe, gia zenyewe za otomatiki huchaguliwa na mafungu ya klachi nyembamba zinazobanwa kwa presha ya oili ileile. Oili moja inasukuma gari, inabana klachi, inalainisha na inapoza. Hakuna kitu kingine kwenye gari kilichopewa kazi nyingi hivyo halafu kikasahauliwa hivyo.

Hapo ndipo pana tofauti ambayo kwa maoni yangu inaamua kila kitu. Klachi imetengenezwa ili ife kwa niaba ya giaboksi. Kwenye otomatiki, kinachotakiwa kufa kwa niaba ya giaboksi ni oili. Lakini klachi ikifa gari linagoma kwenda, na mwenye gari apende asipende ataibadilisha. Oili ikifa, gari linaendelea kutembea. Linabadili gia kwa uzito kidogo, mwenyewe anazoea, huku chembe za klachi zilizolika zikizunguka na kukwama kwenye valvu. Siku gari litakapogoma, hakuna tena kitu cha kubadilisha isipokuwa giaboksi nzima au kuifungua yote.

Watengenezaji kadhaa walichangia kosa hilo walipoandika kwamba oili ya otomatiki imewekwa kwa maisha yote. Maisha ya nani, hawakusema. Kwa mnunuzi wa pili au wa tatu, maisha hayo huenda yaliisha kabla hajafika.

Sifa mbaya ilitoka wapi

Msemo kwamba dizeli na otomatiki haviendani haukuzuliwa. Pikapu kubwa za Dodge zenye injini ya Cummins ya lita 5.9, zilizoanza na modeli ya 1989, zilipata sifa ya injini isiyokufa iliyofungwa nyuma yake otomatiki inayokufa. Otomatiki hizo zilikuwa na asili ya magari madogo, zikaimarishwa, lakini torki ya dizeli ilizielemea, hasa mwenye gari akishaongeza nguvu za injini. Hata kiwandani walilijua hilo: mwaka 2001 na 2002 toleo la nguvu zaidi la injini hiyo, lenye torki ya Nm 685 hivi, liliuzwa na manuali ya gia 6 peke yake, na otomatiki ikapewa toleo lililopunguzwa hadi Nm 624 hivi.

Halafu mambo yakageuka, na wengi hawakuona yalipogeukia. General Motors walileta otomatiki ya Allison mwaka 2001, yenye ukoo wa malori, na hata filta yake ya oili ilifungwa nje kama ya injini ili ibadilishwe bila kushusha kitu. Kufikia 2013 Ram yenyewe, mrithi wa pikapu za Dodge, ilikuwa ikitoa Nm 895 hivi kwa manuali na zaidi ya Nm 1,150 kwa otomatiki yake kubwa. Sasa aliyepunguziwa alikuwa manuali. Mwaka 2018 ukawa wa mwisho kwa manuali kwenye pikapu hizo nzito.

Kwenye pikapu za tani moja hadithi ni hiyohiyo kwa sauti ya chini. Toyota Hilux yenye injini ya lita 2.8 iliyotoka 2015 ilikuwa na Nm 450 kwa otomatiki na Nm 420 kwa manuali. Iliporekebishwa mwaka 2020, otomatiki ikapanda hadi 500. Manuali ikabaki palepale. Mtu anayekwambia manuali ndiyo ya kazi ngumu huenda anazungumzia miaka ya 1990 bila kujua, na huenda gari unalolitazama ni la 2017.

Kwa hiyo umri wa gari unabadilisha jibu. Otomatiki ya gia 4 ya zamani inakunywa mafuta zaidi kuliko manuali ya wakati wake, inapwaya kati ya gia na inachelewa kufunga konveta. Za gia 6, 8 au 10 zinafunga konveta mapema na kuiweka injini kwenye mizunguko inayoipenda, na kwa mafuta zinalingana na manuali au kuipita. Ukiwa na bajeti ya gari la zamani sana, manuali inaanza ikiwa mbele. Kwa gari la miaka ya karibuni, haina tena sababu ya kuanza mbele.

Manuali nayo ina bomu lake

Wanaosema manuali ni rahisi kutengeneza wanawaza klachi ya zamani: sahani, presha pleti, beringi, funga, twende. Pikapu nyingi za dizeli za kisasa zina flaiwili ya vipande viwili vilivyounganishwa kwa springi, iliyobuniwa kumeza yale mapigo mazito niliyoyataja ili yasifike kwenye gia. Springi hizo huchoka. Kinachozichosha zaidi ni dereva anayependa kukanyaga mafuta kwenye gia ya 5 wakati mizunguko iko 1,100, akiamini anabana matumizi. Flaiwili ya namna hiyo ikichakaa hubadilishwa pamoja na klachi, na hesabu inakuwa nyingine kabisa.

Baadhi ya mafundi huitoa na kuweka flaiwili ya kipande kimoja. Inafanya kazi na inadumu, ila mapigo yanahamia kwenye giaboksi: utasikia kelele ya gia gari likiwa limesimama, na mzigo uliokuwa wa springi sasa unabebwa na meno na sinkro, zile pete zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingiana. Si kosa, ni kuchagua kipi kiumie. Muuzaji akikwambia klachi ni mpya, muulize flaiwili ni ipi. Uso wake utakujibu kabla ya mdomo.

Ziko pia kasoro za modeli moja moja. Manuali ya gia 5 iliyofungwa kwenye Dodge za Cummins kuanzia katikati ya miaka ya 1990, NV4500, ilijulikana kwa nati ya gia ya 5 kulegea hadi gia hiyo ikapotea, gari zima likiwa salama salimini. Chuma kizito hakikuiokoa.

Kazi yako inasemaje

Kuvuta trela watu hulitaja kwanza, na hulitaja nusu. Mbele, otomatiki nzuri yenye kipozeo cha oili cha kutosha inavuta kwa raha kuliko manuali, kwa sababu turbo haipotezi presha kila unapobadili gia. Tatizo la manuali liko kwenye kurudi nyuma. Rivasi ya pikapu nyingi ni ndefu, na kurudisha trela lenye mzigo kwenye mwinuko kunataka klachi iteleze dakika nzima. Ndipo klachi nyingi zinapofia. Mwenye akili huingiza gia za chini za 4x4 hata kama ardhi ni kavu, mradi anakwenda moja kwa moja na taratibu, kwa sababu kwenye mfumo wa kawaida wa 4x4 kukata kona kwenye ardhi kavu kunaubana mfumo mzima. Hivyo pikapu iliyokuwa ikivuta trela kila siku, ikiwa manuali, iogope klachi. Ikiwa otomatiki, iogope oili.

Mteremko mrefu ulikuwa ushindi wa manuali. Dizeli haizibi hewa kama petroli ukiachia mafuta, kwa hiyo injini peke yake haibani sana kama watu wanavyodhani, na otomatiki za zamani zilikuwa zinafungua konveta na kukuachia breki tu. Za karibuni zenye hali ya kuvuta mzigo hushikilia gia na konveta ikiwa imefungwa, na pikapu kubwa nyingi zina breki ya ekzosi. Kwa hiyo itafute hiyo hali, usitazame tu kama gari ni otomatiki.

Mchangani otomatiki ni bora, sibishani na mtu. Manuali inapoteza mwendo kila unapokanyaga klachi, na mchanga haukusubiri. Kwenye mawe ya kuteremka polepole, manuali kwenye gia za chini inakupa utulivu ambao baadhi ya otomatiki bado zinautafuta. Kwenye foleni, mguu wako ndio utakaoamua.

Sababu moja ya kuchagua manuali imebaki na jina kuliko nguvu: kulisukuma gari liwake. Kwenye dizeli ya zamani yenye pampu ya kimakanika, ndiyo. Kwenye ya kisasa, sindano za mafuta na kompyuta zinahitaji umeme, na betri ikiwa imekufa kabisa, kijiji kizima kisukume haiwaki. Ila otomatiki iliyoharibika njiani ina masharti magumu zaidi ya kuvutwa, kwa sababu pampu ya oili huzungushwa na injini. Injini imezima, gia zinazunguka bila kulainishwa.

Jambo jingine ambalo tangazo halisemi: aina ya giaboksi inaweza kubadilisha gari zima. Volkswagen Amarok ya kizazi cha kwanza yenye silinda 4 ilitolewa na manuali yenye 4x4 ya kuchagua na gia za chini, au na otomatiki ya gia 8 yenye 4x4 ya kudumu isiyo na gia za chini kabisa. Mtu aliyedhani anachagua klachi alikuwa anachagua mfumo wa magurudumu.

Mkague aliyekuwa akiikanyaga

Omba ulikute gari injini ikiwa baridi. Ukilikuta limewashwa tayari, jiulize kwa nini.

Kwa otomatiki, kanyaga breki, toa P weka D, kisha R. Gari lishike ndani ya sekunde moja au mbili. Likikaa kimya halafu likashtuka, presha ya oili ina shida. Endesha likiwa baridi, endesha likiwa na joto. Kasoro nyingi hujificha kwenye hali moja kati ya hizo. Tazama mshale wa mizunguko gia zinapobadilika: ukiruka juu kabla gia haijashika, mafungu ya klachi yanateleza. Kisha shika mwendo wa kilomita 70 au 80 kwa saa, tulia, na uongeze mafuta kidogo sana. Ukihisi mtetemo kama wa kupita juu ya makunyanzi ya barabara ya vumbi kwa sekunde chache, klachi ya konveta imechoka au oili imekwisha nguvu. Ukiwa bado kwenye mwendo huo, hakikisha nyuma hakuna gari, gusa breki kidogo sana bila kuachia mafuta. Mshale unapaswa kupanda kidogo, halafu urudi chini ukiachia breki. Usiposogea kabisa, huenda lokapu haikuwa imefunga tangu mwanzo.

Oili ichunguze kama gari lina kijiti cha kupimia. Mengi ya kisasa hayana, na fundi atafungua nati ya pembeni. ATF, yaani oili ya otomatiki, nyingi zikiwa mpya ni nyekundu. Kahawia peke yake si hukumu. Harufu ya kuungua ni hukumu. Rangi ya waridi yenye maziwa maana yake maji ya rejeta yameingia: magari mengi yana kipozeo cha oili ya giaboksi ndani ya rejeta, na ukuta kati yao ukipasuka, maji yanaharibu klachi za ndani. Nissan Frontier na Pathfinder za 2005 hadi 2010 zilijulikana kwa hilo. Gari la namna hiyo usibembelezwe nalo kwa punguzo.

Manuali inakiri makosa yake kwa urahisi zaidi. Weka gia ya 4, shuka hadi mizunguko 1,500, kisha kanyaga mafuta yote. Torki ya dizeli ni kipimo cha bure: mizunguko ikipanda na mwendo usipande, klachi inateleza. Gari likiwa limesimama, weka fri na usikilize. Kelele inayotokea unapokanyaga klachi ni ya beringi ya kuachia. Inayotoweka unapokanyaga mara nyingi ni beringi ya shafti ya kuingilia, au flaiwili. Zima injini ukiwa umesimama nje karibu na mlango: mgongano wa chuma mara mbili tatu injini inapofia ni sauti ya flaiwili ya vipande viwili inayoaga. Barabarani, rudisha gia kutoka ya 3 kwenda ya 2 kwa haraka ya kawaida. Ikikwaruza, sinkro imelika. Kisha kwenye kila gia kanyaga mafuta na uachie ghafla. Gia inayochomoka na kurudi fri inakwambia giaboksi inafunguliwa, na hapo ile hoja ya urahisi wa manuali inakuwa imekwisha.

Kwa zote mbili, uliza kama injini imeongezwa nguvu kwa programu. Hili ndilo linalonitisha kuliko kilomita. Mtu anaongeza torki asilimia 20 kwa laptopu ndani ya saa moja, na klachi au konveta inabaki ileile ya kiwandani. Akirudisha programu ya mwanzo kabla ya kuuza, chuma kilichochoka hakirudi. Alama hubaki pembeni: kipimo cha presha ya turbo kilichong'olewa na kuacha tundu, bomba la ekzosi lililopanuliwa, majibu yanayozunguka.

Kama magari yote mawili yamefaulu, mimi ningechukua otomatiki kwenye gari la karibuni lenye kumbukumbu ya kubadilishwa oili, na manuali pale ambapo kumbukumbu hiyo haipo. Manuali isiyo na karatasi inaweza kuhojiwa barabarani kwa nusu saa. Otomatiki isiyo na karatasi inaweza kufaulu nusu saa hiyo na kufeli mwezi unaofuata.

Ukishanunua, anza na oili kabla ya viti na taa. Kwa otomatiki, weka ATF ya namba iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, na upime kwa joto lililoelekezwa, kwa sababu ikijaa kupita kiasi inatoa povu na povu halibani klachi. Kwa manuali, usikubali oili yoyote ya gia iliyopo rafuni. Giaboksi nyingi zinazotaka oili ya daraja la GL-4 huharibiwa polepole na oili za GL-5 za kwenye difu: viambato vya salfa ndani yake vinaweza kula shaba ya sinkro, na ulaini wake unazifanya sinkro zishindwe kushika. Gia itaanza kukwaruza ukiingiza ya 2 asubuhi, na utadhani uliuziwa gari bovu.